Habari za Jemadari wa Stoo na Chupa ya Kaliamu

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye masikio mazuri na enyi mliozibwa na mafua! Acheni sufuria iungue, acheni simu iite mpaka ichoke yenyewe, kwa maana leo nasimulia tendo kuu lililoupita ulimwengu hivi hivi, watu wakiendelea kupiga pasi na kusuka nywele, wasijue kwamba ndani ya stoo ya maabara ya shule moja, mchana kweupe, siku moja kabla ya mtihani, shujaa alipanda ngazi na shujaa akashuka. Nawe, ewe Vumbi la Rafuni, mama wa chafya, uliyeyaona yote usimwambie mtu, nipe pumzi nifike mwisho bila kukohoa.

Alikuwako basi mtunza stoo, Bwana wa Funguo, Mfyeka Mende, Yeye Ambaye Mbele Yake Hakuna Kizibo Kilichothubutu Kulegea. Wanafunzi walimwita Jemadari, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, funguo zikilia kiunoni na koti lake jeupe likipepea hata pasipokuwa na upepo. Muhula ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake, kwani muda wake wa kustaafu ulikuwa umefika, na shujaa huyu, mwenye kiu ndogo kuliko mashujaa wengi, hakutaka zawadi wala hotuba. Alitaka jambo moja tu: atoke akiwa safi. Alitaka siku akikabidhi funguo pasiwepo mtu wa kusema kwamba katika stoo ya Jemadari kitu kiliwahi kupotea, au kuwekwa pasipo mahali pake. Juu ya hilo alikuwa hana mzaha hata kidogo.

Na ujue, msikilizaji, kwamba stoo ile ilikuwa ngome. Mwalimu hakuingia. Mwalimu alifika kwenye dirisha dogo la ubao, akataja jina la dawa anayoitaka, akangoja. Jemadari alizama gizani, akarudi na chupa, akaipitisha dirishani kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga. Kila chupa ilikaa chini ya herufi ya jina lake kama lilivyoandikwa na aliyeileta, na sheria hiyo haikuwa na rufaa.

Lakini palikuwa na rafu moja iliyokuwa nje ya sheria. Miaka mingi nyuma, duka la dawa la mjini lilifungwa, na mwenye duka, mfamasia mkongwe, akaitunuku shule maboksi ya chupa za kioo cha kahawia. Jemadari alipoyafungua akakuta lebo zimeandikwa kwa Kilatini, kwa mwandiko wa mapambo: Natrium, Kalium, Ferrum, Plumbum, Argentum, kila moja na neno jingine nyuma yake. Akazitazama, zikamtazama. Hakutambua hata moja. Je, alizitupa? Hasha! Alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mgeni hata kama humjui jina, unampa kiti kwanza, maswali baadaye. Akazipa rafu ya juu kabisa, mbali na jua na mbali na mikono, akaandika kwa chaki RAFU YA WAGENI, akatangaza kwamba cha mgeni hakiguswi. Kila Ijumaa akapanda ngazi kuzifuta vumbi. Maswali ya baadaye hayakuulizwa kamwe, maana wenyeji wazuri wana tabia hiyo, wanakirimu mpaka wanasahau kuuliza umetoka wapi.

Sasa aje mpinzani wake. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa kemia, mkuu wa idara nzima, na juu ya hayo, ole wake Jemadari, alikuwa binti wa kaka yake mkubwa. Alisoma shule ile ile, akaenda chuo, akarudi na chaki mkononi. Shuleni yeye ndiye mkubwa wa Jemadari. Nyumbani yeye ndiye mtoto, aliyewahi kubebwa mgongoni na Jemadari huyo huyo huku akimlowesha shati. Kwa hiyo kila alipotaka kumwamrisha ilimbidi aanze na shikamoo, na amri ikishaanza na shikamoo, nusu ya makali yake imekwisha.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema siku ile, akiinama dirishani.

"Marahaba, Mwalimu. Sema haja yako, stoo inakusikia."

"Nataka kloridi ya potasiamu. Ya darasa zima. Kesho watahiniwa wanachoma chumvi na kuitambua kwa rangi ya moto wake."

Jemadari akazama gizani. Akaenda mpaka rafu ya herufi P, akashika chupa, akaitikisa karibu na sikio. Akarudi taratibu kuliko alivyokwenda.

"Imekwisha," akanena. "Imebaki ya kumpaka sisimizi wanja."

Mwalimu alishika ukingo wa dirisha. Alikuwa ameshawapigia simu walimu wa shule za jirani, na kila mmoja alikuwa amekumbatia chumvi yake kama kuku aliyeatamia. Muuza kemikali alimwambia wiki ijayo, na wiki ijayo mtihani utakuwa umeshafungwa kwenye bahasha. Bila chumvi ile, swali zima lingewaponyoka watoto wake, na hakuna maelezo yoyote yatakayokubaliwa na msahihishaji. Kwa uchungu akaingiza kichwa dirishani, jambo ambalo halijawahi kutendwa na mwalimu yeyote mwenye akili timamu, akaangaza macho juu, chini, kushoto, kulia.

"Baba mdogo. Ile chupa ya kahawia kule juu, inayoanza na K, ni nini?"

"Ile ni mgeni."

"Mgeni nani?"

"Sijamuuliza. Toa kichwa dirishani, Mwalimu, utakwama kama yule wa fizikia."

"Baba mdogo, ile ni kloridi ya potasiamu!"

Loo! Hapo ndipo vita vilipoanza, vita ambavyo ningekuwa na wapiga baragumu ningewaita sasa hivi, lakini sina, basi vumilieni sauti yangu. Jemadari alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yake mikono kifuani. Mwalimu akazunguka kutoka dirishani mpaka mlangoni, visigino vikigonga sakafu. Wakakabiliana pale koridoni, mtu na mtoto wa kaka yake, mmoja amevaa koti jeupe na mwingine pia, wala hapakuwa na mtu wa kuwaamua.

"Sikiliza, binti wa kaka yangu," akaanza Jemadari, na ilipofika hatua ya kuitwa binti wa kaka yangu, kila mtu katika ukoo ule alijua kwamba mambo yameiva. "Nimezeeka na chupa hizi. Potasiamu ni potasiamu, inaanza na P, na makazi yake ni rafu ya P. Ile kule juu imeandikwa Kalium chloratum. Sioni P mbele, sioni P nyuma. Leo nikubali kwamba K ni P, kesho utaniambia ndoo ni mwavuli!"

"Alama yake kitabuni ni ipi, baba mdogo?"

"Ni K, naijua. Na nimewasikia mkiwafundisha watoto hivyo miaka yote, nami nikasema kimoyomoyo, hawa walimu wana lao. Sodiamu mnaiandika Na. Chuma mnakiandika Fe. Chuma! Nionyeshe F kwenye chuma! Mtu na akili zake anamwita mwanawe jina moja, shuleni anamwandikisha jingine, halafu anashangaa mtoto haitiki!"

"Ndivyo ilivyokuwa hasa!" Mwalimu akadakia. "Tena ni ugomvi wa majirani, baba mdogo. Utaupenda."

Jemadari hakutaka kuupenda, lakini ugomvi wa majirani ni ugomvi wa majirani. Akalegeza mkono mmoja kifuani.

Basi mwalimu akanena, naye alipokuwa akinena alisahau kwamba anapigana, kwa sababu alikuwa mwalimu kwa damu. "Dhahabu, fedha, chuma, shaba, bati, risasi, zebaki. Hizi watu walikuwa nazo majumbani kabla hajazaliwa mtaalamu yeyote. Hakuna aliyengoja kuambiwa zinaitwaje. Sisi tukaziita tulivyoziita, mengine tukayaazima kwa Waarabu. Waingereza nao wakaziita kwa maneno ya bibi zao. Kila nyumba na jina lake. Kisha wakaja wataalamu wa nchi mbalimbali, huyu haelewi lugha ya yule, wakaamua waandikiane kwa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama aliyekuwa akimwimbia mtoto tena, kwa hiyo hakuna wa kujidai kwamba ni yake. Walipochonga alama, wakazichonga kwenye Kilatini. Ferrum ikatoa Fe. Aurum, dhahabu, ikatoa Au. Plumbum, risasi, ikatoa Pb. Waingereza mdomoni wakabaki na yao ya nyumbani, kwenye karatasi wakakubali ya baraza."

"Hizo ni za kale," akasema Jemadari. "Nazikubalia. Mzee ana haki ya jina la zamani. Lakini potasiamu haikuchimbwa na mababu."

"Aa, hapo ndipo penye ugomvi! Potasiamu na sodiamu zilipatikana baadaye kabisa, kwa umeme. Mwingereza aliyezitoa akazibatiza yeye: hii imetoka kwenye majivu ya chungu, basi iwe potasiamu, hii imetoka kwenye soda, basi sodiamu. Wenzake wa ng'ambo wakasema, ala! Nani amekupa ruhusa? Wakaziita kaliamu na natriamu. Hiyo kaliamu yenyewe wameichota kwenye neno la Kiarabu, la majivu ya mimea. Majivu kwa majivu, ila kila mtu na chungu chake. Naye mchonga alama akawa upande wa hao wa ng'ambo. Ikatoka K, ikatoka Na. Waingereza wakakataa kubadili jina, wakashindwa kubadili alama."

"Na sisi?"

"Sisi tukafika sherehe imekwisha. Jina tukaazima kwa huyu, alama kwa yule."

Jemadari akalegeza na mkono wa pili. Ukweli ni kwamba maneno yale yalimwingia, na alikasirika kwa jinsi yalivyomwingia. "Kwa hiyo unataka kuniambia kitu kimoja kinatembea na majina mawili, na hakuna anayeona ni utapeli?"

"Baba mdogo, wewe unaitwa nani?"

"Usinitege."

"Wanafunzi wanakuita Jemadari. Mimi nakuita baba mdogo. Nyumbani ni Baba Pacha. Wajukuu wanakuita Babu. Shangazi mpaka leo anakuita Kitindamimba mbele za watu. Na jina linalopokea mshahara hata mama mdogo hulisahau. Wewe ni wangapi?"

Enyi wasikilizaji, lile lilikuwa pigo la mbavuni. Jemadari aliyumba. Lakini hakuanguka, maana majemadari hawaangushwi kwa maneno, na huyu wetu alikuwa na imani moja kuu, kwamba mdomo ni mdomo na kitu ni kitu.

"Maneno matamu," akasema. "Lakini mimi sitoi chumvi ya mgeni kwa maneno. Siku ya kesho watoto wachome kitu kisicho chenyewe, atakayelaumiwa ni stoo. Moto useme. Ukisema ni potasiamu, nitasikia."

"Moto useme," akakubali mwalimu.

Wakaingia maabara. Kichomeo kikawashwa, kikavuma, ulimi wake wa samawati ukasimama wima. Jemadari mwenyewe alipanda ngazi kwenda Rafu ya Wageni, akaiteremsha ile chupa ya kahawia kwa kitambaa, asiiguse ngozi kwa ngozi, akaitaka radhi chini kwa chini. Kizibo kikagoma. Akakipigania, akakigonga kwa mpini wa kisu, akakibembeleza, akakitukana kwa adabu, jasho likamtiririka usoni naye akalifuta kwa kiganja. Hatimaye kikatoka na mlio wa busu. Ndani, chumvi nyeupe, kavu, imejaa mpaka shingoni.

Kisha akachukua waya wa kuchomea. Ulikuwa umepinda. Akaunyoosha kwa vidole, akauangalia kwa jicho moja, akaunyoosha tena, akamkabidhi mwalimu. Mwalimu akauchovya kwenye chumvi ya mgeni, akaupeleka motoni, nao wote wawili wakainama wakiwa hawapumui.

Moto ukawaka njano. Njano ya kukata macho, njano ya ganda la ndizi!

"Haa!" Jemadari aliruka. "Njano! Hata mimi nisiyefundisha najua njano ni ya sodiamu! Chumvi ya mezani! Sikusema? Nilisema! Eti kaliamu ni potasiamu! Wangechoma watoto wa watu chumvi ya mchuzi mbele ya msimamizi! Nani ameokoa jahazi hapa? Sema mwenyewe, Mwalimu, nani?"

Mwalimu alikaa kwenye stuli, waya mkononi, mabega yameshuka. Jemadari akaendelea kushangilia peke yake mpaka akaona kwamba anashangilia peke yake, na kushangilia kukapoa mdomoni mwake. Alimfahamu yule mtoto tangu hajaota meno. Alijua uso ule ukikaribia kulia.

"Basi, basi," akasema. "Tutatafuta kwingine. Usijali."

Lakini mwalimu hakuwa analia. Alikuwa anautazama mkono wa Jemadari.

"Baba mdogo, huu waya uliunyoosha kwa vidole?"

"Kwani ningeunyoosha kwa meno? Ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa."

"Na vidole vilikuwa na jasho?"

"Mtu anapigania kizibo asitoke jasho?"

"Basi tumechoma jasho lako," mwalimu akasema, na akaanza kucheka. "Jasho lina chumvi, na chumvi ni sodiamu. Njano yake ina kelele, ikiwepo kidogo tu inaifunika rangi ya mwenzake. Ile si ya mgeni, baba mdogo. Ile njano ni yako wewe!"

Jemadari akavitazama vidole vyake kama watoto waliomwaibisha ugenini. Kisha akavifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja.

Mwalimu akauosha waya kwa asidi, akauchoma, akauosha, akauchoma, mpaka moto ukawa hauonyeshi rangi yoyote ila samawati yake. Safari hii Jemadari aliweka mikono mgongoni kwa hiari yake, kama mfungwa. Waya ukachovywa. Waya ukaingia motoni.

Kukatokea rangi ambayo Jemadari, pamoja na umri wake wote kati ya chupa, hakuwahi kuiona. Zambarau nyepesi, laini, ikapanda ndani ya samawati, ikacheza kidogo, ikatoweka kama mtu aliyepita mlangoni bila kubisha.

"Rudia," akasema kwa sauti ndogo.

Mwalimu akarudia. Kisha Jemadari akaenda kuleta ile chupa ya P, wakakwangua kile cha sisimizi kilichobaki, wakachoma. Zambarau ile ile.

"Ni ndugu," akasema Jemadari.

"Si ndugu. Ni yeye yule."

Akavuta stuli, akakaa. Kichomeo kilikuwa kinavuma, na nje wanafunzi walikuwa wanafagia uwanja. Alipofungua mdomo hakuwa tena anahutubia.

"Darasa lenu mlichoma hii?"

Mwalimu aliona swali linaelekea wapi, akajaribu kulikwepa. "Ni zamani, baba mdogo."

"Nimekuuliza."

"Hatukuchoma. Mwalimu wetu alikuja dirishani akarudi mikono mitupu. Akatuambia kwa mdomo kwamba potasiamu ni zambarau. Mtihani ulipofika chumvi hakuna, swali likatupita darasa zima. Mimi rangi hii niliiona mara ya kwanza chuoni. Nikalia, wenzangu wakanicheka."

"Na aliyesema imekwisha ni mimi."

"Ni wewe."

"Nayo ilikuwa kule juu."

"Ilikuwa kule juu, baba mdogo."

"Naifuta vumbi," akasema Jemadari. "Kila Ijumaa. Mtoto wa kaka yangu yuko darasani anahangaika, mimi niko kwenye ngazi nafuta vumbi."

Nami msimulizi, ninayependa kumtania mzee huyu, hapo nilishindwa, maana alikuwa ameumia kweli. Hakuna kitu kinachouma kama kukosea kwa bidii. Angekuwa mvivu, angejisamehe. Lakini huyu alikosea akiwa amesimama wima, akiwa amevaa koti safi.

Mwalimu akasogea karibu. Mkuu wa idara alikuwa ameondoka, amebaki binti. "Sikiliza, baba mdogo. Hakuna haja ya mtu kujua. Nitachota ya kesho kwenye kibakuli, chupa irudi kule juu. Wakiniuliza nitasema nimeazima. Muhula unaisha, unastaafu zako salama, funguo unakabidhi ukiwa huna doa. Atakayekuja baada yako atajijua."

Tazameni basi, enyi wasikilizaji, shujaa wetu katika njia panda! Upande huu, jina safi alilolitamani maisha yake yote, analipata bure, kwa kunyamaza tu. Upande ule, ngazi, chupa, na watu watakaosema. Majemadari wengi wamesifiwa kwa kuteka miji mbele ya majeshi. Huyu alikuwa anajiteka mwenyewe, mbele ya kichomeo.

"Na atakayekuja baada yangu akikuta wameandikwa wageni?" akauliza. "Na yeye atawafuta vumbi?"

Mwalimu akakirudisha kizibo kwenye chupa.

Jemadari akasimama. Akafunga vifungo vya koti mpaka cha shingoni. Akaibeba chupa ya kahawia, safari hii bila kitambaa, kiganja kwenye kioo, na akaanza safari ile ambayo kwa ajili yake nimewaita. Akaipita sinki iliyovuja. Akaipita mizani yenye kiburi, isiyokubali hata pumzi ya mtu. Akaingia stooni, akaipita A yenye asidi zake zilizonuna, akaipita K, na hapo akasita, maana sheria yake ya zamani ilimvuta koti. K ilikuwa na nafasi, K ilikuwa inaita. Lakini akawaza mwalimu anayekuja dirishani na jina analotaja, akaendelea. Akafika P. Akaipandisha ngazi mguu kwa mguu, goti likilalamika kwa sauti. Akasogeza chupa hii, akasogeza chupa ile, akaiweka.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe nimekukalisha miaka, hata kijiko sijakupa. Haya, fanya kazi."

Lebo ya mfamasia hakuibandua. Alisema jina alilopewa mtu na wa kwao halikwanguliwi. Chini yake akabandika karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: POTASIAMU. Kisha akageuka, akaitazama Rafu ya Wageni, pale walipobaki Natrium, Ferrum, Plumbum na Argentum wakimsubiri kwa heshima zao zote, akashusha pumzi ndefu.

"Hao wengine kesho, baba mdogo," mwalimu akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameingia ndani ya stoo, na Jemadari hakumfukuza.

"Leo," akasema Jemadari. "Wamekaa vya kutosha. Nishikie ngazi."

Kabla ya kengele ya kutoka, alivuka uwanja akaingia chumba cha walimu, mahali asipopenda kwenda kwa sababu hawafuti vikombe. Akasimama katikati. "Walimu," akasema, "ile kloridi ya potasiamu mliyokuwa mkiikosa miaka yote, ilikuwepo. Niliifungia mimi, sikujua ni yenyewe. Na nyingine kadhaa. Sasa zimewekwa mahali pake, njooni dirishani." Mwalimu wa jiografia alibaki na kikombe hewani. Mwalimu wa fizikia, yule aliyewahi kukwama dirishani, alicheka mpaka akashika tumbo, akasema kumbe hata wewe! Mwalimu mkuu akamshukuru, kisha akaongeza kwamba jambo hilo litabidi lielezwe kwenye makabidhiano. Jemadari akasema lielezwe. Akatoka, kifua mbele, ila funguo alikuwa amezishika mkononi zisilie.

Kesho yake watahiniwa wakaingia maabara, na Jemadari akawapelekea chumvi kwenye vibakuli, mmoja mmoja, mikono miwili. Nyaya zilikuwa zimeoshwa na yeye mwenyewe, na alikuwa amevaa glavu. Kisha akatoka nje kama kanuni inavyotaka, akasimama koridoni, na kupitia kioo cha mlango akaona meza ya kwanza inawaka zambarau, ya pili zambarau, mpaka kule nyuma kwa watundu, zambarau. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mtihani ulipokwisha wakamwagika nje wakibishana, kama watahiniwa wanavyobishana duniani kote, kila mmoja akitafuta mwenzake aliyekosea. Mmoja alikuwa anakaribia kulia.

"Mimi nimeandika urujuani!" akasema. "Wote wameandika zambarau, mimi nimeandika urujuani! Nimefeli, Jemadari!"

Wengine wakamgeukia mzee, maana walijua jinsi alivyokuwa mkali kwa jina la kitu. Hata mwalimu wa kemia, aliyekuwa anakuja kutoka ofisini, alisimama asikie.

"Uliiona kwa macho yako?" Jemadari akamuuliza.

"Niliiona."

"Basi nenda ukale, mwanangu. Moto ni ule ule."

Iandikwe hivyo basi, na wenye wino waandike kwa wino, wenye mkaa kwa mkaa. Wafalme wamevuka milima wakasifiwa. Huyu alivuka stoo, kutoka rafu ya juu mpaka herufi P, kwa goti bovu, na jina lake safi akalitoa kuwa nauli. Na isemwe mbele ya wote watakaokuja, kwamba katika zama za Jemadari, japo mwishoni mwishoni, mtoto alitaka potasiamu dirishani, naye akapewa.